Homa ya Jioni na Korongo wa Kinamasi

Watu kadhaa hapa Kapseret wamenijia wakitaka kujua nilipona vipi. Huniuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wamenivuta kando, kama kwamba kuna jambo niliwaficha wengine. Nikieleza kwa kinywa, kila mmoja anarudi kwake na hadithi tofauti. Ndiyo maana nimeamua kuandika, mara moja, kwa yeyote mwenye homa isiyo na jina.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru nilifundisha mjini Eldoret, au Sisibo kama wazee walivyozoea kuuita, na mojawapo ya masomo yangu lilikuwa somo la viumbe na mimea. Mwalimu wa Kizungu aliyelifundisha kabla yangu alipohama aliacha kabatini sanduku la penseli za rangi na madaftari yasiyo na mistari. Hakuna aliyeyataka. Nikaanza kuchora ili niwaonyeshe watoto, kisha nikajikuta naendelea hata shule zikifungwa. Kila ukurasa kitu kimoja. Juu niliandika tarehe na hali ya hewa, chini mahali nilipokiona na kilichokuwa kikifanya. Ndege wengi sikujua majina yao kwa lugha yoyote, kwa hiyo niliwaandika kwa tabia zao: "mweusi wa mkia mrefu anayeruka kama mlevi", "yule anayetundika panzi kwenye waya wa miba".

Kaka yangu mkubwa, Karanja, na mimi tulikuwa tumeshirikiana kununua shea katika kampuni iliyonunua shamba la Kaburu mmoja huku Kapseret. Kaburu alikwisha kwenda kusini, lakini shamba lilikuwa bado halijagawanywa. Wanachama walikaa popote palipokuwa na paa. Karanja na mkewe, Mama Njeri, walikuwa katika nyumba za mawe za waliokuwa wafanyakazi, nami nilikuwa na chumba kimoja pembeni mwao cha kufikia wakati wa likizo. Kila mtu alikuwa akimngoja mpimaji wa ardhi. Na watu wanaomngoja mpimaji hawaangaliani usoni. Kila mmoja anaangalia mwenzake anasimama wapi na miguu yake inaelekea upande gani.

Karanja alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, mweusi na mweupe, aliyeitwa Roza. Alimnunua kwa Kaburu mwenyewe wiki ya mwisho ya kuhama. Kaburu aliwasafirisha ng'ombe wake wote wazuri, akamwacha Roza. Hilo lingetufikirisha kama tungekuwa watu wa kufikiri wakati ule, lakini tulikuwa tumelewa furaha ya kuwa na ng'ombe wa mzungu.

Mwishoni mwa kiangazi Roza alitupa mimba. Nilikuwa nimekuja kuwatembelea Jumamosi ile, tukamsaidia mimi na Mama Njeri kwa mikono mitupu, tukavuta mpaka ndama akatoka akiwa amekufa. Tulinawa kwenye ndoo. Kabla ndama hajazikwa nilichukua daftari nikamchora, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona kwato laini namna ile, za rangi ya njano kama nta. Mama Njeri alisimama mlangoni akiniangalia.

Mvua za kwanza ziliponyesha na shule zikafungwa, nilirudi shambani kwa likizo. Siku ile homa iliponianza nilikuwa nimechuchumaa kwenye nyasi ndefu nikimchora yule ndege mweusi wa mkia mrefu. Mvua zikija madume yao huota mikia, kisha hurukaruka juu ya nyasi kuwaita majike. Nilikuwa nimemaliza kichwa na bawa moja. Nilipofika mkiani mkono ukaanza kutetemeka, na ule mstari uliotakiwa kuwa mmoja ukatoka kama uzi uliofumuka. Nikadhani ni baridi.

Jioni ile nilitokwa jasho mpaka godoro likalowa. Asubuhi nilikuwa mzima, nikala ugali wangu. Jioni ikarudi. Ndivyo ilivyokuwa: asubuhi mtu, jioni gogo. Wiki moja nilikuwa mzima kabisa, hata nikasema imekwisha, kisha inaniangusha tena. Mgongo ukaniuma mahali unapokutana na nyonga, nikawa siwezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Jasho langu lilinuka kama nyasi zilizoozea kwenye maji. Kisha likaja jambo ambalo wanaume hawalisemi, nami nalisema kwa ajili ya mwingine: korodani moja ilivimba, nikatembea kwa kutanua miguu kama mtu aliyepanda punda. Mke wangu Wambui sikumwambia mpaka alipoona mwenyewe. Nilimwona akifikiri. Nilijua anafikiri nini, naye alijua kuwa nimejua, na kwa siku kadhaa tulipeana chumvi mezani bila kugusana vidole.

Nilikwenda hospitali mjini. Benchi lilikuwa refu, limewekwa nje chini ya kibaraza, na kila mgonjwa akiitwa sote tulisogea kidogo, mpaka mbao zikawa zinang'aa kwa kusuguliwa. Niliketi pale asubuhi nzima. Kwenye mfereji wa paa kulikuwa na mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, akipiga pushapu kila mwenzake alipopita. Nilimchora. Mama aliyeketi kando yangu akamvuta mtoto wake upande wa pili.

"Unaandika nini, Mwalimu?" akauliza.

"Nachora mjusi."

"Mjusi," akasema, akamfunika mtoto uso kwa leso.

Dresa, mhudumu wa hospitali, alinidunga sindano ya malaria. Wiki iliyofuata akanidunga nyingine. Mara ya tatu nilimkuta asubuhi, wakati sina homa, akaweka kipimo mdomoni mwangu, akakitoa na kukisoma, kisha akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kufunga duka.

"Mwalimu, huna kitu. Unataka tu barua ya kupumzika."

Shule zilipofunguliwa mwalimu mkuu naye aliniambia maneno kama hayo, kwa adabu zaidi. Alikubali nipumzike, lakini aliuliza kama kweli nilikuwa mgonjwa au nilikuwa nimehamia shambani kulinda shea yangu. Nikamshukuru, nikatoka. Nilijua nikijibu atasikia uongo.

Wambui alibaki mjini na watoto, akiuza mboga sokoni, nami nikabaki Kapseret kwa sababu mchana kutwa mjini hapakuwa na mtu wa kunitazama. Mama Njeri ndiye aliyenihudumia. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, alitoka kumkamua Roza na kuniletea kikombe cha bati kilichojaa maziwa, yakiwa bado na povu na joto la ng'ombe.

"Kunywa kabla hayajapoa, shemeji. Hii ndiyo nguvu. Ukichemsha unaua."

Nilikunywa. Watoto wao walipewa yaliyochemshwa kwenye uji. Karanja hakupenda maziwa tangu utotoni, alikunywa chai ya turungi tu. Ni mimi peke yangu niliyeletewa kikombe.

Nilikuwa naketi mlangoni siku nzima, blanketi mabegani, nikichora kilichopita. Chini ya nyumba kulikuwa na kinamasi ambacho Kaburu hakuwahi kukilima, na humo korongo wawili wenye taji walikuwa wamejenga kiota cha mafunjo. Niliwachora karibu kila siku: anayelalia, anayelinda, jinsi wanavyobadilishana zamu, jinsi taji linavyosimama upepo ukitoka nyuma. Siku za homa mistari ilikuwa mibovu, lakini niliiacha. Niliona kwamba nikimtazama korongo kwa muda mrefu, maumivu ya mgongo hukaa mbali kidogo, kama mgeni aliyeambiwa angoje nje.

Watu wa kampuni walikuwa wakipita njia ile kwenda kuchota maji. Walinisalimu, kisha macho yakashuka kwenye daftari. Siku moja nikaitwa kwa kamati. Mwenyekiti, Mzee Kibe, alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ya Kaburu pamoja na wazee wengine. Hakunipa kiti, ingawa aliona jinsi nilivyosimama.

"Mwalimu, tumeambiwa unachora kinamasi."

"Nachora korongo, Mzee."

"Korongo anakupa nini?"

Wakacheka.

"Hii shamba haijapimwa," akasema mzee mwingine. "Mtu hawezi kukaa mlangoni tangu mvua ianze, anachora ndege. Kaburu naye alianza hivyo hivyo. Alikuja na kalamu."

Mzee Kibe akaunyosha mkono, nikampa daftari. Alilipekua ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole kwa ulimi. Akafika kwa yule ndege anayetundika panzi.

"Na hii? Hii si fensi?"

"Ni fensi, Mzee. Ndege ameketi juu yake."

"Fensi ya upande gani?"

"Wa barabarani."

"Ndege mmoja," akasema, akiwageukia wenzake, "na nguzo tatu."

Wakalichukua daftari, wakasema nitarudishiwa mpimaji akishamaliza. Nilirudi nyumbani nikishika fensi ile ile njia nzima, na sikujisumbua kujiuliza kamati ilijuaje, kwa sababu nilikwisha kuamua ni nani aliyesema. Ni mtu mmoja tu aliyeniona nikichora kila siku. Ni yule aliyekuja asubuhi na kikombe.

Tangu hapo akili yangu haikupumzika. Mtu mgonjwa bila jina la ugonjwa hutafuta jina la mtu. Nilikumbuka kila mkono ulionipa kitu tangu kiangazi: chai kwa Mzee Kibe, ugoro wa jirani, maji ya mtungi. Kila mara nilirudi kwenye kikombe cha bati. Nikifa, shea inabaki kwa nani? Kwa Karanja. Na Karanja amelala na nani?

Wambui alikuja Jumamosi na sukari na viazi. Alinitazama mbavu, akatazama mikono yangu, akaketi kitandani.

"Baba Kamau," akasema polepole, "ukikaa mjini unapata nafuu. Wiki ile uliyokuja kwa dresa ulikula vizuri. Ukirudi huku unaanguka. Hapa unakula nini ambacho mjini huli?"

Alijua. Alikuwa amekiona kikombe dirishani.

"Na kwa nini wewe tu?" akauliza.

Asubuhi yake Mama Njeri alikuja kama kawaida. Wambui alikuwa amesimama karibu na moto.

"Kunywa kabla hayajapoa, shemeji."

"Leo sitaki," nikasema.

"Ni tumbo?"

"Amesema hataki," Wambui akasema. "Kama ni tamu hivyo, kunywa wewe."

Mama Njeri alibaki na kikombe mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na siku zile alikuwa amekonda, ingawa hakuna aliyekuwa amemwangalia vizuri. Alinitazama mimi, si Wambui.

"Mnasema nini?"

Wambui alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Na mimi niseme. Wiki ya Pasaka nilizika mimba yangu nyuma ya hii nyumba, mimi na mama mkunga, na nikanyamaza. Sikulia hata mkasikia. Lakini nilijiuliza. Nani anakaa mlangoni kila siku anachora kila kitu kina pumzi? Nani alimchora ndama wa Roza akiwa amekufa, badala ya kumfunika? Nilikuona, Mwalimu. Halafu na mimi nikapoteza wangu. Sasa ni nani anafaa kumwogopa mwenzake?"

Akamwaga maziwa kizingitini, akaondoka na kikombe.

Karanja alisikia. Alikuja akiwa na panga la kukatia nyasi, nadhani alisahau tu kuliweka chini, lakini Wambui aliliona panga akaanza kufunga nguo zangu. Hatukuagana. Dereva wa lori lililobeba magome ya miwati kwenda kiwandani alitupakia, nikalala juu ya magome, na harufu yake kali ilinikaa kooni mpaka mjini. Wambui hakupumzika hata siku mbili. Alisikia kwa mteja wake sokoni habari za hospitali ya misheni iliyo mbali kidogo, akawaacha watoto kwa jirani, akanipeleka.

Huko benchi lilikuwa fupi. Daktari alikuwa kijana, Mwafrika, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Hakuniuliza kuhusu homa kwanza.

"Mwalimu, una ng'ombe?"

Nikashtuka. "Nani amekuambia nina ng'ombe?"

"Hakuna. Nakuuliza."

Nikamtazama Wambui. Yeye akatazama ukuta. Nikakubali kwamba kuna ng'ombe, wa kaka yangu.

"Ametupa mimba karibuni?"

Nakuambia ukweli, nilitaka kuinuka nitoke. Nilidhani Karanja amefika kabla yetu.

"Mzee, kaa," akasema, ingawa nilikuwa namzidi umri kwa miaka michache tu. "Na maziwa mnayachemsha?"

Wambui akaanza kulia.

Walitoa damu, tukangoja. Majibu yalikuja na jina refu la Kiingereza. Daktari alilifupisha: ni ugonjwa wa ng'ombe wanaotupa mimba, unamwingia mtu kwa maziwa mabichi na kwa mikono iliyomsaidia ng'ombe kuzaa. Homa inakuja na kuondoka. Mgongo na nyonga zinauma. Wanaume huvimba mahali nilipovimba. Yote niliyokuwa nimeyabeba kama siri, aliyataja kama mtu anayesoma orodha ya majina darasani.

"Kwa hiyo ni maziwa," Wambui akasema.

"Ni maziwa," daktari akajibu.

Wambui alinitazama. Alikuwa na haki, na alikuwa amekosea, na hatukujua tuanzie wapi.

"Na mwanamke mwenye mimba," nikauliza, "akiyanywa?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Inawezekana akaipoteza. Kuna mwanamke nyumbani?"

Nililazwa mpaka Julai ikafika na baridi yake. Sindano zilikuwa za kila siku, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nikawa nalala kifudifudi. Ziliniletea mlio masikioni kama wa nyenje wengi, na nikitembea nilishika vitanda vya watu. Vidonge vilikuwa vya rangi mbili, vikubwa, na vilichafua tumbo. Wiki ya kwanza sikuona tofauti, nikaanza kumshuku daktari. Wiki ya pili jioni moja ilipita bila homa. Nilikaa macho nikiingoja, kama unavyomngoja mtu aliyesema atakuja, naye hakuja.

Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana, mwanamke mnene kutoka Kakamega, aliniona nikichora kwa kucha juu ya blanketi. Kesho yake aliniletea chati za zamani za wagonjwa, upande wa nyuma ukiwa safi, na kipande cha penseli kilichofungwa kwa uzi. "Usichore wagonjwa," akanionya. "Watasema nawauza." Nje ya dirisha ndege aina ya kwera walikuwa wakijenga viota kwenye mchongoma. Dume alisuka, jike akaja, akakagua, akavuta uzi mmoja, akaondoka. Dume akabomoa, akaanza upya. Nilichora kiota kimoja tangu kitanzi cha kwanza mpaka mlango. Nikizipanga karatasi zile leo, naona mkono wangu ukirudi. Mistari ya mwanzo imekatikakatika. Ya mwisho ni mizima.

Nilirudi Kapseret mvua zikipungua, pamoja na Wambui. Karanja alikuwa akichonga mpini. Hakuinuka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: maziwa, ndama, damu, mimba.

"Daktari anataka niuze ng'ombe?" akauliza. "Atamnunua nani? Yeye?"

"Hataki umuuze. Anataka apimwe."

"Apimwe. Kila mtu hapa anataka kupima kitu." Alichonga kidogo, kisha akaacha. "Mimi ndiye nilimwambia Mzee Kibe kuhusu kile kitabu. Si mke wangu. Na nikamwambia jina kwenye shea libaki langu peke yangu."

Nilihisi nyonga ikiniuma tena. "Kwa nini?"

"Ulikuwa unakufa. Ningesema nini?"

"Ungesema unangoja nife."

Aliuweka mpini chini. "Basi," akasema. "Nilikuwa nangoja."

Sijui kama nilimsamehe. Jina langu lilirudishwa kwenye shea, kwa sababu Wambui alienda kwa kamati mara nyingi kuliko mwanachama yeyote, na hatimaye mimi na Karanja tulipewa vipande viwili vilivyotengana, kwa ombi letu sote wawili. Lakini siku ile Karanja alikubali ng'ombe apimwe. Daktari wa mifugo alikuja, akatoa damu ya Roza, na jibu likawa lile tulilolijua. Siku alipochukuliwa kwenda kuchinjwa, Karanja alishika kamba mwenyewe mpaka kwenye lori, akamwambia dereva asimpige, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Mpimaji naye alikuja, akakiacha kinamasi kiwe cha maji ya watu wote. Mzee Kibe alinirudishia daftari. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya dole gumba. Walikuwa wamelisoma lote.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa na homa isiyo na jina: maziwa yachemshe mpaka yapande, hata kama aliyekuletea anakupenda. Hasa kama anakupenda, kwa sababu hutamkagua. Mwambie daktari habari za ng'ombe wako kabla hajauliza. Vidonge vimalize hata ukipona. Na tafuta kitu cha kutazama kila siku ambacho hakikutazami, kiwe ndege, au siafu, au jani moja la mti mmoja. Hakiponyi. Lakini kichwa cha mgonjwa hakikai kitupu. Usipokipa korongo kitajipa jirani.

Mama Njeri alikuwa mgonjwa muda wote ule. Alikuwa na homa kama yangu, na maumivu kama yangu, kwa sababu kila alipokamua alikunywa povu la kwanza yeye mwenyewe. Alifanya kazi hivyo hivyo. Hakutaka kusikia habari za hospitali zilizotoka kinywani mwangu. Wambui alimwendea peke yake, akakaa naye jikoni, na sijui walisemezana nini, ila waliporudi wote walikuwa na macho mekundu na Mama Njeri alikuwa amevaa viatu.

Tulikwenda watatu. Kiangazi kilikuwa kimeanza tena. Alichomwa sindano yake ya kwanza, kisha muuguzi yule wa Kakamega akamletea kidonge na kikombe cha maji palepale benchini, akaitwa na mtu mwingine, akaondoka.

Mama Njeri alikiweka kidonge kiganjani. Akakigeuza. Kisha akamnyoshea Wambui mkono.

"Mama Kamau, meza wewe kwanza."

Nilitaka kusema kitu. Wambui alinikanyaga mguu. Alikichukua kidonge, akakimeza kwa maji yale, akafungua kinywa na kuinua ulimi ili mwenzake aone.

Muuguzi aliporudi alitukuta hivyo. "Nyinyi wamama! Hii dawa si peremende!" Lakini alileta kingine. Mama Njeri akakimeza, akakunja uso.

Basi tukakaa pale benchini, Wambui katikati, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho kuona nani ataanguka kwanza.